Kadi za Bi Waraka

Kwa miaka kumi na tisa nilikaa kwenye meza iliyo nje ya mlango wake, na kwa muda wote huo sikumwona hata siku moja akitoka na kalamu ya serikali kwenye mkoba. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mkurugenzi wa utumishi wa wizara amekosea, mawazo yao hukimbilia kwenye bahasha. Huyu hakupokea bahasha. Alikosea akiwa msafi, na mtu wa namna hiyo ndiye mgumu kuliko wote, maana hana sababu ya kujishuku. Mimi nilikuwa katibu muhtasi wake, na barua zake zote nilizichapa mimi.

Mbele yake tulimwita Mama. Nyuma ya mgongo alikuwa Bi Waraka. Alikuwa na waraka wa kila kitu: wa likizo, wa kuchelewa, wa urefu wa sketi, hata mmoja uliokataza kuchemsha chai kwa jiko la umeme chini ya meza. Huo wa mwisho ulinilenga mimi waziwazi na mpaka leo sijausamehe. Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyependa utani, alikuwa akisema kwamba nyumbani kwake hata kuumwa ni lazima ujaze fomu kwanza.

Kazi aliianzia chini kabisa ya jengo, kwenye masjala, akiwa na miaka ishirini. Masjala ni chumba kinachonusa vumbi na gundi, ambamo kila mtumishi wa wizara ana jalada lake. Yeye alikuwa akipokea barua, anazitoboa matundu mawili, anazifunga kwa uzi ndani ya jalada la mwenyewe, kisha anaandika namba ya ukurasa kwa wino mwekundu kwenye kona. Ukurasa wa kwanza wa kila jalada ni fomu ambayo mtu aliijaza siku aliyoajiriwa.

Mwaka wake wa tano kazini, wakubwa waliamua kila mtumishi awe pia na kadi: kipande cha karatasi ngumu chenye jina, cheo, tarehe ya kuajiriwa na mwaka wa kuzaliwa, ili mtu akitaka kujua jambo dogo asihangaike kufungua jalada. Kazi hiyo alipewa yeye. Alinakili kadi elfu mbili na mia tatu kwa mkono wake, kwa miezi saba, herufi zimesimama sawasawa kama meno ya chanuo. Fomu za zamani hazikuuliza mwaka wa kuzaliwa, ziliuliza umri tu, kwa hiyo ilimbidi achukue mwaka, atoe umri, apate jibu. Ni hesabu ya darasa la pili, na alijulikana kwa kutokosea hesabu.

Kadi zile ndizo zilizompandisha. Mkubwa mmoja alishuka masjala, akavuta droo, akatoa kadi tatu, akauliza ni nani mwenye mwandiko huo. Akapelekwa masomoni. Akarudi ofisa utumishi, akawa ofisa mwandamizi, akawa mkurugenzi msaidizi, na alipofika ghorofa ya sita kama mkurugenzi kamili alikuwa amepita ngazi zote bila kuruka hata moja. Wenzake walioletwa na wajomba zao walimwogopa kwa sababu hiyo tu.

Wakati huo wizara ilikuwa na ugonjwa mmoja. Mtu akikaribia sitini, umri wa kustaafu, alikwenda kwa wakili akaapa kwamba alizaliwa baadaye kuliko ilivyoandikwa. Viapo vilimiminika. Kulikuwa na mhasibu mmoja ambaye, kwa mujibu wa kiapo chake, alianza kazi akiwa na miaka tisa. Mwingine aliapa mara mbili kwa miaka tofauti, na kwa kiapo cha pili akawa mdogo kuliko mtoto wake wa kwanza. Tulicheka, lakini Bi Waraka hakucheka. Aliandika waraka, nikauchapa: mwaka ulioandikwa kwenye kadi ndio wa mwisho, na majalada hayatafunguliwa kwa madai ya umri.

Kwenye kikao mtu mmoja aliuliza kama kadi hizo zinaaminika.

"Niliziandika mimi," akajibu. "Ukicheka na nyani utavuna mabua. Tuendelee."

Na tukaendelea. Watu zaidi ya mia tatu walikuja na viapo, na wote walirudi navyo. Wengi wao walikuwa waongo, hilo nitalishuhudia popote. Ndiyo maana wale wachache waliokuwa wakisema kweli hawakusikika.

Mmoja wao alikuwa dereva wake.

Gereji nzima ilimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipita gari lingine. Aliajiriwa miaka miwili baada ya Bi Waraka, kijana wa miaka kumi na tisa wa kuosha magari, akajifunza kuendesha kwa kuyasogeza uani, akapata leseni, na mwishowe akamwendesha mkurugenzi kwa miaka kumi na mmoja. Alikaa na mkewe kwenye nyumba za serikali za madereva, nyuma ya gereji: vyumba viwili, jiko na kiuwanja cha kuanikia nguo. Watoto walishaoa na kuolewa.

Mkewe alikuwa haoni. Kisukari kilimla macho yote mawili, na hii ilikuwa miaka minane nyuma. Lakini ndani ya nyumba ile huwezi kujua. Nilikwenda mara moja kumpelekea Taratibu funguo, nikamkuta mama yule anakaanga vitunguu, anachukua chumvi kwenye rafu bila kupapasa, anatoka uani kuanua nguo na kurudi. Alikaa pale miaka ishirini na minne, akiona miaka kumi na sita ya kwanza. Kila kitu alikijua kwa mikono na kwa hatua.

Barua ya kumtaarifu Taratibu kwamba amebakiza miezi sita niliichapa mimi, pamoja na nyingine kumi na mbili. Kadi ilisema anafika sitini. Siku hiyohiyo alasiri alipanda ghorofa ya sita, amevua kofia, akaniomba nimwingize. Mlango waliuacha wazi.

"Mama, mimi bado," akasema.

"Bado nini, mzee?"

"Sitini bado. Mimi hamsini na sita haijatimia. Kadi yangu ya kliniki ya utotoni hii hapa. Na kaka yangu niliyemfuata kuzaliwa yuko idara ya maji, hata barua bado hajaandikiwa."

"Labda kaka yako ndiye mdogo."

Nilicheka kule nje, na sijivunii kicheko hicho. Taratibu hakucheka. Aliweka ile kadi ya kliniki juu ya meza, imechakaa, nusu ya maandishi yamefutika.

"Mama, sidai kwa ajili yangu. Mimi kazi nitaiacha tu siku moja. Ni nyumba. Nikistaafu, miezi mitatu tumeambiwa tutoke. Mke wangu nyumba ile anaiona kwa mikono. Ukimtoa pale utakuwa umempofusha mara ya pili. Ningekaa hiyo miaka minne yangu ya haki, ningemzoesha kwingine polepole, leo kidogo, kesho kidogo. Fungua jalada langu tu uangalie. Ukikuta nasema uongo, nitoe kesho."

Bi Waraka alivua miwani. Alikuwa na huruma naye, hilo nililiona, na ndilo lililomfanya awe mkali zaidi.

"Nikikufungulia wewe kwa kuwa unaniendesha, wale niliowakatalia nitawaambia nini? Sheria ni msumeno, mzee. Inakata mbele na nyuma."

"Sawa, Mama." Akachukua kadi yake. "Kesho kikao ni saa mbili au saa tatu?"

"Saa tatu."

Kwa miezi sita iliyobaki alimwendesha asubuhi na jioni, na jambo lile hakulitaja tena. Bi Waraka alilitafsiri hilo kuwa ni dalili ya hatia. Angekuwa na haki angelalamika, aliniambia. Mimi nikaitikia, maana kuitikia ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Siku ya kuondoka, gereji walimpa saa ya ukutani. Wakahama, yeye na mkewe, wakaenda kupanga upande wa pili wa mji, na tukaacha kuwasikia.

Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, zamu ya Bi Waraka ilifika. Mwaka wake wa kuzaliwa aliujua mwenyewe kichwani na kwenye kadi yake aliuandika bila hesabu, kwa hiyo hapo hapakuwa na mgogoro: alikuwa amebakiza miezi mitatu. Sherehe ya kumuaga ilishapangwa, na cheti cha utumishi uliotukuka kilikuwa kinasubiri saini tu. Akaomba jalada lake lipandishwe kutoka masjala ili ajaze fomu za mwisho.

Alilifungua mezani akaanza na ukurasa wa kwanza, kama mtu anayetazama picha zake za ujana. Niliitwa baada ya muda mfupi.

"Njoo hapa. Kona ya juu imeandikwa nini?"

Ilikuwa ile fomu ya zamani. Kwenye kona ya juu, kwa herufi ndogo za kiwandani, kulikuwa na mwaka. Nikamsomea.

"Na chini, kwenye saini yangu?"

Chini kulikuwa na mwaka mwingine, wa mbele kwa miaka miwili.

"Huo wa juu ni mwaka fomu ilipochapishwa," akasema polepole. "Walichapisha nyingi mno. Tulizitumia miaka sita." Akachukua penseli. "Umri wangu hapa ni ishirini. Ukitoa ishirini kwenye mwaka wa juu, mimi nina miaka sitini na mbili."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anataka kurekebisha mambo yake.

"Mimi nilikuwa natoa kwenye mwaka wa juu," akasema. "Kadi zote za fomu hizi. Nilikuwa nafungua jalada, jicho linaanza juu, naona mwaka, natoa umri. Ya kwangu peke yake ndiyo sikuitolea hesabu."

Kila aliyejaza fomu ile miaka kadhaa baada ya kuchapishwa alikuwa ameongezewa miaka hiyohiyo kwenye umri wake. Aliyechelewa kuajiriwa zaidi ndiye aliyezeeshwa zaidi.

Aliweka penseli chini. Kisha akasema, "Niletee jalada la Taratibu." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitamka jina hilo.

Nilishuka mwenyewe. Fomu ilikuwa na doa la dole gumba la mkono ulioosha magari, umri miaka kumi na tisa, na kati ya mwaka wa juu na mwaka wa chini kulikuwa na tofauti ya miaka minne kamili. Alikuwa amestaafishwa akiwa na hamsini na sita, kama alivyosema. Jalada lilikuwa ghorofa sita chini ya miguu yetu siku ile alipoomba lifunguliwe. Kwenda na kurudi ni dakika nane, nimezipima.

Tulifungua majalada kwa wiki tatu, yeye na mimi, mlango umefungwa. Niseme ukweli, nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na vidole vyangu vilivyochapa waraka ule bila hata kutulia kidogo. Mwishowe tulipata watu mia moja na kumi na wanne waliotolewa kazini kabla ya wakati wao, wengine mwaka mmoja, wengine hadi sita. Thelathini na mmoja walishafariki. Wengi wa waliobaki walikuwa wameshapita sitini ya kweli, hawawezi kurudishwa popote. Saba tu ndio waliokuwa bado na miaka yao mkononi, na Taratibu alikuwa mmoja wao.

Akaenda kwa Katibu Mkuu, bosi wake. Alirudi baada ya nusu saa, akanieleza bila kupandisha sauti. Bwana yule alimwambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Amebakiza wiki chache, cheti kiko tayari, na atakayekuja baada yake akiligundua jambo hili ataligundua, asipoligundua basi. Mbona anataka kujichafua mlangoni?

"Umemjibu nini?" nikauliza.

"Nimemwambia nitaleta dokezo kwa maandishi. Kaa uchape."

Nilichapa. Ndani ya dokezo lile hakuandika "ilitokea dosari" wala "kumbukumbu zilionyesha." Aliandika, "Nilikosea mimi, na nilipoombwa kuhakiki nilikataa mimi." Kwa yote aliyowahi kunipa nichape, sentensi hiyo peke yake ndiyo ninayoikumbuka neno kwa neno. Cheti kikaahirishwa, kisha kikasahauliwa. Sherehe ikawa soda na keki ndogo ofisini kwangu, watu sita, na wawili kati yao walikuja kwa ajili ya keki.

Lakini barua saba zilitoka. Ya Taratibu ilisema kustaafu kwake kumefutwa, arudi kazini, na ile nyumba yake nyuma ya gereji, ambayo kwa bahati ilikuwa imebaki tupu, atarudishiwa. Kwa ajili ya nyumba hiyo Bi Waraka alipanda na kushuka ofisi nne, akiomba, yeye ambaye sijawahi kumsikia akiomba hata kiti. Barua hakutaka ipelekwe na mtu wa ofisi. Siku yake ya mwisho kazini tuliipeleka sisi wawili, saa nne asubuhi.

Nyumba ilikuwa uani mwa nyumba nyingine, chumba kimoja na ukumbi mdogo, mlango wenye kizingiti kirefu. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa kutoka kwenye mguu wa kitanda, ikapita ukumbini, ikatoka nje mpaka mlango wa choo. Mkewe Taratibu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mboga. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu ambalo sikuwahi kuliona. Taratibu mwenyewe alisimama tulipoingia, akatafuta kofia ya kuvua, akakumbuka kwamba hana.

"Karibu, Mama. Kiti hicho."

Bi Waraka hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: fomu, mwaka wa juu, mwaka wa chini, kadi, jalada ambalo hakulifungua. Akasema, "Ulikuwa unasema kweli, mzee, na mimi nilikufanyia mzaha. Naomba radhi." Kisha akatoa barua.

Taratibu aliisoma kwa sauti ili mkewe asikie, polepole, kama alivyoendesha. Alipofika kwenye nyumba, akamgeukia mkewe. Akasema, "Mama watoto, wameturudishia nyumba yetu."

Mkewe alimalizia kuchambua tawi lililokuwa mkononi. Kisha akauliza, "Huyo dada yuko upande gani?"

"Niko hapa," akasema Bi Waraka, akasogea.

"Dada, nakushukuru kwa kuja mwenyewe. Kazi mume wangu achukue, bado ana nguvu, na hapa ananikera mchana kutwa. Lakini nyumba, hapana."

"Ni haki yenu. Vyumba ni vilevile, jiko ni lilelile..."

"Mimi si yuleyule. Ile nimeshaisahau. Mwaka mzima naisoma hii. Kizingiti hicho kimeniangusha mara tatu, ya tatu ndiyo iliyonipa hili la juu ya jicho." Akagusa kovu. "Miezi ya kwanza sikuinuka hapa nilipokaa. Nilikuwa nangoja arudi dukani ndipo niende chooni. Sasa nakwenda mwenyewe. Juzi nimepika. Usinihamishe tena, dada yangu. Sitaweza kujifunza nyumba nyingine."

Taratibu alikuwa ameshika barua kwa mikono miwili, anamtazama mkewe. Mimi nilitazama ile kamba. Bi Waraka alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nikaona hana waraka wa jambo lililo mbele yake. Nilimwonea huruma sana.

"Tuko wangapi tuliofanyiwa hivi?" mke akauliza.

"Mia moja na kumi na wanne."

"Wote unawaendea?"

Hilo halikuwamo kwenye dokezo. Halikuwamo popote. Wale wasioweza kurudishwa tulikubaliana waandikiwe barua ya kuwaarifu tu, na barua zenyewe zilikuwa bado mezani kwangu.

"Thelathini na mmoja wameshafariki," akasema Bi Waraka.

"Wana wake na watoto. Nao waliambiwa baba yao ni mwongo." Akaweka mboga pembeni. "Umeshafika kwa wangapi?"

"Kwenu ndiyo kwanza."

"Basi usikae, dada."

Taratibu alitusindikiza mpaka barabarani, barua bado imo mkononi. Gari la wizara lilikuwa letu mpaka saa tisa na nusu tu, baada ya hapo Bi Waraka angekuwa raia wa kawaida wa kupanda basi. Aliingia, akafungua mkoba, akatoa ile orodha ya majina niliyomchapia, akaniomba nimsomee la pili.